Majani Mekundu ya Mama Chomba

Mama Chomba hakuwa amepoa vizuri kaburini, na Rigobert alikwisha kuipima bustani yake kwa macho. Alisimama kwenye ua wa matete, tai shingoni, mikono nyuma, kichwa kikienda kushoto na kulia polepole kama Mzungu anayekagua barabara iliyolimwa na wengine. Watu wa msiba walikuwa bado wamekaa chini, wengine hawajanawa hata mikono. Mutale alimwona. Alirudisha kitenge begani akaendelea kugawa bukari, ule ugali wa msiba.

Huyu Rigobert alikuwa mdogo wake marehemu Mukuka, na marehemu Mukuka ndiye aliyekuwa mume wa Mama Chomba. Viwanja vyao viligusana kule Kenya, si ile nchi bali cité, mtaa wa watu weusi wa Élisabethville, Katanga: cha Rigobert juu, cha Mama Chomba chini yake, kwenye mteremko. Kazi ya Rigobert ilikuwa katika biro moja ya mjini, kupiga mihuri kwenye karatasi walizoandika wengine. Lakini ungemwona saa sita anarudi na kinga yake, yaani baiskeli, mguu wa suruali umebanwa na kibanio cha nguo, ungedhani mji mzima umepanda nyuma yake na yeye peke yake ndiye anayekanyaga pedali.

Bustani ile Mama Chomba aliilima mwenyewe. Mukuka alipokufa palikuwa nyasi na chupa zilizovunjika. Mjane akapageuza matuta ya vitunguu, karoti na kabichi, akawa anawauzia madamu wa mjini mlango kwa mlango, hata wengine wakawa hawanunui kwa mtu mwingine. Alipolala kwa ugonjwa wa mwisho aliwaita wazee, akasema mbele yao, sauti bado iko na nguvu:

“Bustani iko ya Mutale. Muntu asikuye kusema mengine nyuma yangu.”

Mutale alikuwa mtoto wa mdogo wake, na kwa Babemba mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, hakuna maneno mengine ya kuongeza. Tena Mutale hakuwa na pa kwenda. Mume wake alifuata kazi Kolwezi, akafuata na mwanamke huko huko, na yeye akabaki analala katika chumba cha nyuma cha mama yake mkubwa. Akiikosa bustani, angebaki na mkeka na sufuria.

Rigobert hakuthubutu kubishana na wazee. Lakini bustani aliitaka, na sababu yake ilikuwa kadi.

Miaka ile, mtu mweusi aliyejiona amestaarabika aliweza kuomba kadi ya mérite civique, ya kuonyesha kwamba yeye si kama jirani zake. Kabla ya kuipata, komisyo, tume ya Wazungu, ilikuja nyumbani kuangalia anaishi namna gani: kama anakula mezani, kama ana uma, kama choo chake kina mfuniko. Uma Rigobert alikuwa nazo. Mke wake, Adolphine, alizisugua na majivu kila Jumamosi, akazirudisha kwenye sanduku lake, kisha wote wawili wakala bukari na mikono kama watu wenye akili. Kilichokosekana ni bustani ya maua. Kiwanja chake alikimwagia saruji karibu chote, ati vumbi ni la kishenzi, akabakiza kipande chembamba kando ya ua. Hapo alinyunyiza mbegu alizoagiza Bulaya kwa posta. Pakiti ya mbegu yenye picha aliichomeka kwenye kijiti katikati ya tuta, kama anavyofanya Mzungu. Kwa kiwanja cha Mama Chomba alikuwa na mpango mwingine: majani mafupi ya kukatwa na mashine, na viti vyeupe, komisyo ikae kivulini inywe chai.

Hakuna mpita njia ambaye hakusimamishwa aonyeshwe pakiti.

“Hata Bazungu ba huku habajaona hii maua,” alimwambia Ngalula, jirani wa upande wa pili, mama wa Kasaï aliyeuza mafuta ya ngazi, mawese, sokoni. “Soma. Queue-de-renard.”

“Miye sisomake, baba. Njo kusema nini?”

“Mukia ya kanyama ka Bulaya. Kanafanana na imbwa.”

“Mukia!” Ngalula aliweka beseni lake chini apate kucheka vizuri. “Umelipa posta juu ya mukia! Baba Rigobert, si ungeniambia? Mbuzi yangu iko nayo, ningekupa bure.”

“Ignorante, mujinga weye,” alisema Rigobert, akaingia ndani.

Sasa, msiba wa Mama Chomba ulikuwa na sheria yake, na hata Rigobert na tai yake alipita chini ya sheria hiyo. Mpaka siku ya kutoa matanga, jembe haliingii katika shamba la aliyekufa. Mkono pia hauingii. Hung'oi, hupandi, huchumi hata jani. Siku ile yenyewe ndugu wa mama anakuja, anampa mrithi jembe jipya mbele ya watu, na mrithi anaingia wa kwanza. Kabla ya hapo kinachoota kinaota, na kinachooza kinaoza. Ndugu wa mama alikuwa mzee Chanda, yama Chanda kama Babemba wanavyosema, na yeye alikaa mbali, Kasenga, kwenye samaki. Alituma neno kwamba atakuja baada ya Noeli.

Mvua ya kwanza ilianguka kwa hasira. Maji yalijaa juu ya saruji ya Rigobert, yakakosa pa kuzama, yakashuka yote kwa pamoja: yakapita juu ya kile kipande chembamba, yakatoboa ua wa matete, yakaingia katika matuta ya Mama Chomba. Kulipokucha Rigobert alitoka na pijama yake ya mistari, akaona kijiti na pakiti vimesimama palepale. Akaridhika. Akachukua chombo cha kumwagilia, akamwagilia udongo uliokwisha kulowa. Akaendelea hivyo kila jioni isiyo na mvua, mtu mzima na koti lake, anamwagilia matope na kuyangoja.

Chini ya ua, kati ya vitunguu vya marehemu, kitu kikaanza kuota.

Mutale alikiona akifagia uwanja. Vilikuwa vijani vidogo, vingi kama vimemwagwa na kopo, rangi ya damu ya kuku. Aliinama kwenye mpaka wa bustani bila kukanyaga ndani. Jani la lenga-lenga, mchicha wa kila siku, alilijua tangu utoto, na hili lilifanana nalo kidogo, lakini lenga-lenga ni ya kijani, hata ile yenye shina jekundu huwa na aibu na rangi yake. Hii haikuwa na aibu. Ilikuwa nyekundu toka mizizi mpaka ncha.

“Ngalula! Kuya uone.”

Ngalula alikuja, akainama, akatoa ulimi kidogo kama mtu anayefikiri. “Kwetu ku Kasaï kuko tshiteku-teku, majani ya kupika. Ingekuwa njo yeye... Hapana. Yeye haivaake ngwo ya askofu.”

“Basi iko nini?”

“Sijue. Ngoja ikomae.”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya akili ya mwisho kusikika pale kwa muda mrefu. Maana neno likitoka tu kwamba katika bustani ya marehemu kumeota kitu ambacho hakina jina, kila mtu wa Kenya aligeuka kuwa profesa wa majani. Walikuja baada ya kazi, walikuja baada ya misa. Clément, aliyekuwa anafunga vidonda kwenye dispensere, alisema ni dawa ya minyoo, Wazungu wanaipika ndani ya chupa. Alipoulizwa jina la dawa, akasema ni siri ya kazi. Mwanamke mmoja wa kwaya alisema ni ule mmea uliofunika Musa mtoni. Mwenzake akamwambia yale yalikuwa matete, wakagombana njia nzima mpaka kanisani. Mzee mmoja aliyewahi kupikia Wazungu alisema ni beterave, kile kiazi chekundu cha Wazungu, yeye ameosha beterave miaka yote, hawezi kudanganywa na beterave. Hakuna aliyesema “sijui” na kurudi nyumbani kwake.

Mutale aliwasikiliza wote. “Aksanti, baba.” “Aksanti, mama.” Akaendelea kufagia. Majani yakaendelea kurefuka, yakampita goti, yakaelekea kiunoni, na vitunguu vya Mama Chomba vikawa vinachungulia chini yake.

Rigobert yeye alisubiri Jumapili, watu wawe wengi. Alishuka na koti, kofia mkononi, akasimama mbele ya bustani kama mtu anayetaka kupigwa picha. Katika kilabu yao ya évolués, watu weusi waliojiita wastaarabu, aliwahi kusoma hotuba nzima, kwa Kifaransa, juu ya upumbavu wa wale wanaoamini bulozi. Adolphine aliipigia makofi, ingawa alilala katikati. Hotuba ile siku hiyo aliiacha nyumbani.

“Bandugu,” alisema. “Miye ni muntu wa masomo. Miye siaminake maneno ya giza. Lakini macho iko macho. Hii majani naniye alipanda? Hakuna. Iko rangi gani? Damu. Damu ya nani?” Akawaangalia mmoja mmoja. “Kaka yangu Mukuka alikufa mu hii nyumba. Alikuwa muzima, alikuwa na nguvu. Sasa muke wake naye amekufa, na kintu alizika mu udongo kinatoka inje. Hii majani inakunywa damu ya kaka yangu!”

Wanawake walivuta watoto wao nyuma.

“Mukuka alikufa na homa ya mapafu,” alisema Mutale. “Ulikuwa pale, baba mudogo. Ulishika kichwa yake.”

“Homa ya mapafu inatumwaka na nani?”

“Na baridi.”

“Eh, mutoto, unajibu haraka sana. Labda iko kintu unajua.” Akainua kidole. “Minasema hivi, mbele ya bantu bote. Siku ya matanga, hii majani ing'olewe yote, ichomwe, bantu baone. Na fasi yenyewe, hii bustani, ipewe muntu mwenye roho nguvu, mukristu, anayeweza kuisafisha. Miye sikatae huo muzigo.”

“Huyo mukristu iko na kiwanja karibu?” aliuliza Ngalula kutoka nyuma.

Watu wachache walicheka, lakini si wengi. Hapo Mutale alijua hatari imeshaingia. Ukicheka na mwenye kusema bulozi leo, kesho unaweza kusemwa wewe. Ikiwa ukoo utakubali neno la Rigobert, Mama Chomba atakuwa mlozi ndani ya kaburi lake, na mtoto aliyelala chini ya dari yake atakuwa mlozi aliye hai. Hakuna atakayemnyang'anya bustani kwa nguvu. Wataona tu haya kumpa.

Wiki ile ile Rigobert alituma maneno Kasenga, na mtu aliyeyapeleka aliyaongezea chumvi yake. Jirani walianza kupita upande wa pili wa njia. Mama wa kwaya aliyekuwa akiazima kinu cha Mama Chomba aliacha kukiazima, akawa anatwanga kwa jirani na kulalamika mgongo. Hata Clément wa dispensere alisema yeye hakusema kamwe kwamba ni dawa, alisema inafanana na dawa.

“Ingia usiku uing'oe,” Ngalula alimshauri. “Itakufa, maneno yatakufa.”

“Nikiingia mbele ya jembe, nimevunja matanga. Rigobert atakuwa na neno la kweli, na leo hana.”

“Basi utafanya nini?”

“Nitafagia.”

Na kweli alifagia. Ngalula alimwona kila asubuhi akifagia uwanja ule, mgongo umeinama, na akasema moyoni mwake kwamba subira ya namna ile inachosha hata anayeitazama.

Karibu na Noeli, majani yale yalitoa kitu kingine. Kwenye vichwa vyake zilitoka kamba nene, laini, nyekundu kupita majani yenyewe, zikarefuka, zikalemewa, zikaning'inia kuelekea chini. Mvua ikinyesha zilidondosha maji, na kwa mbali kweli ungesema ni damu. Watoto waliacha kucheza upande ule. Mutale mwenyewe, kwa mara ya kwanza, alizitazama akaacha kufagia.

Asubuhi ya siku iliyofuata alikuwa anawasha mkaa, akamwona Rigobert kwenye ua. Pijama ya mistari, uso haujanawa. Alitazama zile kamba nyekundu. Akageuka akatazama kijiti chake, pakiti imepauka kwa jua na mvua lakini picha bado inaonekana. Akatazama tena chini. Akaenda akaing'oa pakiti, akarudi nayo mpaka kwenye matete, akaiinua mbele ya macho yake, mkono umenyooka, jicho moja amelifumba. Mdomo ukafunguka. Mutale alikuwa ameinama nyuma ya jiko, akiona vyote. Ile picha aliikumbuka, alikwisha kuonyeshwa kama wapita njia wote: kamba nyekundu zilining'inia vilevile.

Rigobert akaificha pakiti ndani ya pijama na kuingia nyumbani haraka, kama mwizi wa kuku.

Mutale alikaa chini. Hakucheka. Alichukua muda kuamini kwamba mtu anaweza kuandikia Bulaya, kungoja meli na treni, kupanda, kumwagilia matope na koti lake, kisha kitu chake kikiota hatua chache chini yake akakiita bulozi kwa sababu kimeota kwa mwanamke.

Siku hiyo hiyo, baada ya kazi, baba mdogo alishuka kumsalimia. Alileta sukari.

“Mutale, mutoto yangu. Unakuwaka na kazi nyingi. Unakonda.”

“Niko muzuri, baba mudogo.”

“Nilikuwa nafikiri. Hii majani... juu ya nini tuikimbilie? Ingebakia kidogo. Komisyo inakuya nyuma ya matanga, siku ine ao tano. Ikiisha kupita, mutafanya namna munataka.”

“Na damu ya baba mukubwa?”

“Ah! Bantu banaongezaka maneno.”

“Bantu gani?”

Rigobert alifuta jasho na kitambaa chake chenye herufi zilizotariziwa. “Tutaongea ku matanga,” alisema.

“Aksanti juu ya sukari, baba mudogo.”

Mutale hakumwambia mtu, hata Ngalula, na kwa Ngalula hilo lilikuwa kosa la kusamehewa polepole.

Yama Chanda alifika na kamyo ya samaki, ananuka kama lori lenyewe, mzee mwembamba mwenye kofia ya askari isiyo yake. Siku ya matanga watu walijaa uwanja mzima. Wengi hawakumjua marehemu; walikuja kuona majani yakichomwa. Chanda alikaa juu ya kiti kidogo, jembe jipya likiwa limelazwa kwenye miguu yake, akaitazama ile bustani nyekundu bila haraka.

“Rigobert,” alisema. “Ulinitumia maneno mpaka Kasenga. Nilisikia bulozi, nilisikia damu, nilisikia ndugu yangu anakulaka bantu. Sema sasa, bote basikie.”

Rigobert alisimama. Alikuwa amevaa suti. “Yama, ile wakati tulikuwa mu huzuni. Muntu mu huzuni anasema mingi. Tuache.”

“Tuache?” Chanda aliinua kichwa. “Nimekaa juu ya samaki toka Kasenga, chumvi imenikula matako, juu ya ‘tuache’?”

“Haiko bulozi, yama. Nimechunguza. Iko maua.”

“Maua ya nani?”

Hapo mtu mwenye akili angesema sijui. Lakini komisyo ilikuwa inakuja, na bustani ile nyekundu ilikuwa nzuri, kweli ilikuwa nzuri, hakuna Mzungu mjini aliyekuwa na kitu kama hicho. Rigobert akavuta tai.

“Yangu,” alisema. “Mbegu iko yangu, ya Bulaya. Mvua ilibeba. Na ukiangalia muzuri, kwa haki, fasi kunaota kintu ya muntu, ile fasi nayo inakuwa kidogo ya ule muntu, n'est-ce pas?”

Mtu mmoja alikohoa.

“Ngoja,” alisema Chanda. “Maskio ya bazee iko pole. Hii majani, weye njo ulisema inakunywa damu ya Mukuka?”

“Nilisema, lakini...”

“Mbele ya bantu?”

“Mbele yetu bote!” alijibu mama wa kwaya, kabla Rigobert hajafungua kinywa. “Na alivaa koti.”

“Na sasa unasema weye njo uliipanda.”

Rigobert alilegeza tai.

“Yesu na Maria!” Ngalula alishika kichwa kwa mikono miwili. “Alipanda yeye mwenyewe, kisha akatuita tukuye kuona!”

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapita kwa wanaume, kikafika hata kwa Clément wa dispensere, ambaye hakuwa na haki ya kucheka. Chanda aliwaacha wamalize.

“Miye sicheke,” alisema. “Njia iko mbili, Rigobert, chagua. Ya kwanza: ile majani haiko yako, ulisema ichomwe, na shiye tunaheshimu neno yako, tunaing'oa sasa hivi, na maneno ya kiwanja inaisha. Ya pili: iko yako. Basi hatutoe matanga leo. Tunakaa tena chini, bazee bote, unatuelezea juu ya nini ulipanda mu nyumba ya mujane kintu weye mwenyewe unasema kinakunywa damu ya ndugu yako.”

Adolphine alikuwa amekaa kati ya wanawake, kitenge mdomoni, mabega yanatikisika. Labda alikuwa analia.

Rigobert aliwatazama watu. Aliitazama ile nyekundu yote iliyokuwa inaning'inia mbele yake, na mtu angeweza kumwonea huruma kama si kwamba miezi yote ile yeye hakumwonea yeyote.

“Haiko yangu,” alisema.

“Sikusikia.”

“Haiko yangu! Nilikosa. Inafanana na yangu.”

“Sawa,” alisema Chanda. Aliinuka, magoti yakalia, akachukua jembe. “Mutale. Kuya.”

Mutale alilipokea kwa mikono miwili, amepiga magoti. Mzee akamwambia maneno machache ya Kibemba, yale yanayosemwa, kwamba aliyelala amelala na aliyesimama alime. Kisha Mutale aliingia katika bustani ya mama yake mkubwa. Pigo la kwanza lilikata mashina mengi kwa mara moja, maana udongo ulikuwa umelowa. Machozi yalimshuka hapo, yale ya msiba aliyokuwa hajayatoa yote, akalima nayo.

Wanawake waliingia nyuma yake wakawa wanang'oa na kutupa kwenye rundo la kuchoma. Ngalula alivunja shina moja, akanusa. Akanusa tena. Akauma jani.

“Weye! Utakufa!” alipiga kelele mama wa kwaya.

Ngalula alitafuna polepole, macho juu. “Bamama,” alisema. “Hii iko tshiteku-teku. Iko lenga-lenga. Wamemuuzia lenga-lenga!”

Walionja mmoja mmoja, kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha kwa mdomo mzima. Ilikuwa lenga-lenga. Ngumu kidogo na imevaa vibaya, lakini hakuna mwanamke wa Katanga anayeweza kupotea mbele ya ladha ile. Wote waliokuwa wameitaja beterave, na Musa, na minyoo, walianza kusema kwamba wao tangu siku ya kwanza walijua.

“Yama, tulisema tutachoma,” Mutale alikumbusha.

Chanda alitazama sufuria kubwa ya msiba iliyokuwa bado haina mboga. “Moto iko moto,” alisema. “Chini ya sufuria ao ndani, miye sioni tofauti.”

Waliipika na karanga. Maji yakawa mekundu, bukari ikawa na madoa ya waridi, na watu walikula mpaka wakafunga macho. Adolphine alikula sahani mbili, akaomba ya tatu ya kupeleka nyumbani. Rigobert alikuwa amejifungia ndani na mapazia yake.

Komisyo ilikuja kama ilivyosema. Wazungu wawili na karani. Waliangalia uma, waliangalia choo, waliuliza kama ana mke mmoja. Hawakutoka hata upande wa nyuma. Kadi walimpa, akaitia ndani ya kioo, akaitundika juu ya meza, na mpaka leo hakuna aliyemweleza kwamba maua hayakuulizwa.

Asubuhi moja baadaye Mutale alikuwa anapandikiza kabichi kwenye tuta la juu, karibu na ua. Rigobert aliruka matete yaliyoanguka, akasimama mbele yake na viatu vya biro.

“Mutale, mutoto yangu. Haukubakisha hata kashina kamoja? Ka mbegu?”

“Tulikula yote, baba mudogo. Iliyobaki uliza Adolphine.”

“Ilikuwa maua ya Bulaya,” alisema, na safari hii hakusema kwa kujivuna.

“Njo hivyo.” Mutale alisogeza kikapu cha miche, akafika mahali ambapo hakuweza kuendelea. Alingoja kidogo. Kisha akasema, kwa heshima yote anayopewa mkubwa:

“Baba mudogo, toa kiatu mu tuta yangu.”

Rigobert aliangalia chini, akaona kweli, akautoa mguu. Mutale alifumua udongo uliokandamizwa, akatia mche, akaubana kwa vidole viwili.